Springi Ngumu za Thuranira

Thuranira alipima springi kwa kuisimamia. Aliiweka juu ya jiwe bapa mlangoni pa gereji yake hapa Nkubu, akaipanda kwa mguu mmoja, mikono ameinyoosha pembeni kama mtu anayevuka mto kwa gogo. Springi ikishuka, aliitupa. Ikikataa kushuka, aliteremka, akaipangusa kwa ovaroli, akatuonyesha sote.

"Hii ndiyo springi," alisema. "Zile zingine ni za godoro."

Mimi hulehemu mageti katika banda linalopakana na lake, kwa hiyo michezo hiyo niliiona kila siku bila kulipa kiingilio. Ninaandika habari zake kwa sababu watu wengine wameanza kuzisimulia, na wanampamba. Hakuna haja ya kumpamba. Alivyo anatosha.

Alizaliwa huku juu penye kahawa, mtoto wa kati katika nyumba ya watu wakimya. Kelele yote ya ukoo ule walimpa yeye peke yake. Alianza na pampu za kunyunyizia dawa kahawa, akaendelea na injini za kusaga mahindi. Injini ya posho ni mnyama mpole. Huzunguka kwa mwendo mmoja tangu ifungwe mpaka ife, na hata mbuzi angeweza kuitunza kama angekuwa na vidole. Thuranira aliziweza, na hapo ndipo angekaa.

Lakini alikwenda Nairobi. Alipata kazi ya kufagia katika gereji moja wanamotengeneza magari ya mashindano. Kama alishika spana huko sijui. Najua alirudi na vitu viwili: ovaroli nyekundu yenye maandishi mgongoni, na maoni. Kabla hajafungua mkoba alikuwa amekwisha kutuambia kwamba mafundi wote kati ya Meru na Embu wanafunga injini kama wanaofunga ng'ombe.

Gatwiri, mkewe, alisikia hayo akiwa amesimama na beseni la nguo. "Baba Mwenda," alisema, "hiyo ovaroli imeandikwa nini huko nyuma?"

"Ni jina la kampuni."

"Nilifikiri ni jina lako. Maana unatembea ukiangalia nyuma."

Maoni yake makubwa yalikuwa springi za valvu. Kusema haki, nusu ya maoni hayo ilikuwa kweli. Kila valvu ya injini hufunguliwa kwa kusukumwa na hufungwa na springi. Injini ikikimbia sana na springi ni dhaifu, valvu huchelewa kurudi mahali pake. Inaelea. Gari linakosa pumzi, dereva anakanyaga mafuta na hakuna kinachoongezeka. Jambo hilo Thuranira alilisikia Nairobi, akalipenda, akalirudia kwa kila mtu aliyeleta hata pikipiki. Nusu ya pili, ile inayosema springi ngumu kupita kiasi hula vyuma vilivyo chini yake, hakuisikia. Pengine siku ile alikuwa anafagia upande mwingine.

Gari lililomharibia akili lilikuwa la Runji. Runji ni mkulima wa majani chai aliyerithi shamba kwa baba yake, na Corolla ya zamani kwa baba yake mdogo, ile tunayoita DX. Shamba amelisahau, gari amelipaka rangi mara tatu. Huvaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Aliingiza DX katika mashindano ya vumbi kule Kanja, upande wa Embu, ambako watu huzungusha magari ndani ya shamba lililovunwa mpaka kuku wa wilaya nzima wapige chafya. Mara ya kwanza alimaliza wa mwisho. Injini ilipopanda sana ilikosa pumzi, na Thuranira akasema kwa furaha ya nabii, "Valvu zinaelea!"

Hapo ndipo Hajji Abdiwahab alipoingia.

Hajji anakaa Maua, na pikapu zake hubeba miraa kutoka Kangeta. Miraa haingojei mtu. Ikichumwa asubuhi na kufungwa kwa majani ya mgomba, kila saa inayopita ni hasara, kwa hiyo pikapu hukimbizwa bila huruma na injini hufa zikiwa changa. Mafundi wake walikuwa Nairobi, mbali mno. Alitaka mtu wa karibu na barabara. Alisimama Nkubu, akatazama gereji ya Thuranira, akatazama DX, akamsikiliza Thuranira kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kumsikiliza.

"Fundi," alisema mwishowe, "mimi sinunui maneno. Mashindano yanayokuja Kanja nitakuwepo. Hili gari likimaliza, pikapu zangu zote zinakuja kwako. Lisipomaliza, usinipigie simu."

"Litashinda, Hajji!"

"Nani amesema lishinde? Limalize."

Mtu mwenye akili angeshika neno hilo kama yai. Pikapu za Hajji ni kazi ya mwaka mzima, mvua na jua. Thuranira angeacha kulala chini ya magari barabarani, angejenga banda lenye sakafu, angeandika watu wa kumsaidia. Gatwiri alianza hata kuulizia bei ya saruji. Kilichohitajika ni gari bovu lizunguke shamba mpaka mwisho, hata likiwa nyuma ya kuku. Lakini Thuranira alisikia "litashinda" yake mwenyewe tu. Aliamua kuifungua injini yote, kuweka kamshafti kali, ule mhimili wenye nundu zinazosukuma valvu, na tapeti mpya, vile vyuma vifupi vinavyopandishwa na nundu hizo, na juu yake springi alizozitoa katika injini ya lori, mbili mbili, ya ndani na ya nje, na chini ya kila moja akaweka washa, pete bapa ya chuma, ili ibanwe zaidi.

Tulikwenda Meru mjini pamoja, yeye kutafuta kamshafti, mimi kununua vyuma. Duka la spea ni la Nasteho, mama wa makamo mwenye sauti ya karani wa mahakama. Amelelewa kati ya malori ya baba yake, na hajawahi kumwonea mteja haya.

"Nataka kamshafti kali ya DX na tapeti nane," alisema Thuranira.

"Ni ya kubebea nini? Mayai?"

"Ni ya kushindana, mama."

"Springi je?"

Thuranira akatoa moja mfukoni, akaiweka mezani kama mtu anayeweka bastola. Nasteho aliibonyeza kwa kiganja. Haikusogea. Aliibonyeza kwa viganja viwili.

"Umeing'oa wapi? Kwenye daraja?"

"Springi laini, valvu inaelea," alisema Thuranira.

"Hilo ni kweli. Na ikiwa ngumu hivi, kila tapeti inasagwa juu ya nundu ya kamshafti kama mahindi juu ya jiwe. Kamshafti ni mpya, tapeti ni mpya, hawajajuana. Sasa nisikilize mara moja, halafu urudi kwenu. Toa hii springi ya ndani. Washa injini ikiwa na ya nje peke yake. Injini ikishika tu, kanyaga mafuta, ipande, ikae huko juu muda wa mtu kunywa kikombe cha chai bila haraka. Usiiache ingurume chini hata kidogo. Kamshafti hiyo hunyweshwa oili inayorushwa na kranki inapozunguka huko chini. Kranki ikienda polepole, hairushi kitu, kamshafti inabaki kavu. Vyuma vikishakubaliana, zima, rudisha ya ndani, nenda ukashinde."

"Yaani nifungue mara mbili?"

"Kwani ukifungua mara mbili inatoka damu?"

Nasteho hakujua amegusa nini. Katika safu yetu ya mafundi kuna desturi moja ya kijinga, na kwa sababu ni ya kijinga inashikwa kuliko amri kumi. Fundi anayefungua injini ileile mara mbili hununulia safu nzima mandazi, na wiki yote hiyo haitwi kwa jina lake. Anaitwa Marudio. "Habari ya asubuhi, Marudio." "Marudio, niazime jeki." Wateja nao husikia, hucheka, na wengine huhamisha magari yao. Kwa hiyo hapa Nkubu injini hufunikwa zikiwa na kasoro, fundi anajua, na anaomba Mungu zifie mbali.

"Mama," alisema Thuranira akikusanya tapeti zake, "wewe unauza, mimi nafunga."

"Sawa, fundi. Wabishi ndio wananilipia karo ya watoto."

Alifunga springi zote, za ndani na za nje. Siku ya kuzifunga aliningojea nizime mashine yangu ndipo apige kelele kwamba amemaliza kwa mkono mmoja, mara moja, bila kurudia. Kuzigandamiza aliwatumia wanaume watatu na nondo yangu. Nondo ilipinda. Sikulipwa.

Injini haikuwashwa siku hiyo. Runji alitaka iwashwe mbele ya watu, siku moja kabla ya mashindano, kwa sababu gari lingeombewa. Huku kwetu gari jipya au lililofufuliwa haliendi barabarani bila maombi, na hilo silisemi vibaya. Lakini maombi ya gari yana utaratibu wake: injini huwa inawaka, boneti iko wazi, na mchungaji huweka mkono juu yake aisikie ikitetemeka. Kubariki gari lililozimwa, wanasema, ni kama kubariki maiti.

Watu walikuja wengi. Jamaa za Runji walileta viti vya plastiki na uji wa kibuyu. Thuranira alivaa ovaroli yake nyekundu, imepigwa pasi. Aliwasha. Injini ilishika mara moja, na kwa ile kamshafti kali haikunguruma sawasawa bali ilirukaruka, gudu-gudu, kama mtu anayecheka akiwa na chakula mdomoni. Umati ukapiga vigelegele. Hakuna kitu kinachowafurahisha wajinga kama injini inayoshindwa kutulia.

Hapo hapo ilitakiwa mafuta yakanyagwe. Thuranira aliweka mguu, injini ikapanda, ikanguruma vizuri, mchungaji Rwamba akainua mkono.

"Fundi, punguza. Hatusikiani."

Thuranira akapunguza.

Mchungaji Rwamba ni mtu mzuri asiye na haraka. Alianza na gari la moto la Eliya, akashuka mpaka magari ya Farao, akazungumzia madereva wa siku hizi na pombe. Injini ilikuwa inarukaruka chini, gudu-gudu. Baada yake alisimama mjomba wa Runji, akasimulia jinsi DX ilivyonunuliwa, na jinsi barabara ya Embu ilivyokuwa kabla ya lami. Kisha mwenyekiti wa kikundi cha majani chai. Kisha mtu aliyesema ametumwa na diwani, naye diwani hakusema amemtuma. Gudu-gudu. Joto lilitoka chini ya boneti, na ndani ya mlio ule kukaanza kusikika mlio mwingine, mdogo, tik-tik-tik, kama kucha juu ya bati.

Njagi, fundi wa rangi wa safu yetu, alimwinamia Thuranira. "Baite, ndugu yangu, si uizime kidogo wazee wamalize? Inapata moto."

"Injini yangu haizimwi na hotuba," alisema Thuranira kwa sauti, ili wazee wasikie. Walisikia, wakampigia makofi.

"Na hiyo tik-tik?"

"Hiyo ni nguvu. Springi zinashika."

Maombi ya kufunga yalipofika, uji ulikuwa umekwisha na watoto wamelala. DX ilipandishwa kwenye lori ikiwa imefunikwa shuka la kanisa, ikaondoka kwenda Kanja. Nilipanda lori hilo, kwa kuwa bomba la moshi nililehemu mimi na Runji alitaka niwe karibu likikatika. Njia nzima Thuranira alitueleza atakavyozipanga pikapu za Hajji, zile za zamani upande huu, mpya upande ule. Alikwisha kuchagua mahali pa kutundika kibao.

Kanja, Hajji Abdiwahab alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, mwavuli juu, chupa ya chai ya maziwa ya ngamia miguuni. Alimsalimia Thuranira kwa kuinua kidole.

Bendera iliposhuka, DX iliruka vizuri. Sitasema uongo: mzunguko wa kwanza ilipita magari mawili, na kwenye sehemu iliyonyooka ilipiga mlio mrefu ambao haikuwahi kuupiga tangu izaliwe. Valvu hazikuelea. Thuranira alikimbia kando ya kamba akipiga ngumi hewani. "Imepumua! Mmeona? Imepumua!"

Mzunguko wa pili ilipumua kidogo. Wa tatu ilianza kukohoa. Moto mdogo ulitoka kwenye kabureta, ukapiga pa, kisha pa-pa, na gari likapunguza mwendo kama mzee anayekumbuka jambo.

Watu wa Embu hawana adabu wakiona gari la Meru likiugua.

"Mpelekeni hospitali ya masista Nkubu! Hiyo ni nimonia!"

"Mpeni Vicks!"

"Fundi wa ovaroli! Mbona limeanza kurudi nyuma? Ama limesahau miraa?"

Runji, miwani usoni, alijitahidi. Silinda moja ilikufa, kisha ya pili. DX ilizunguka kwa mbili zilizobaki, ikitoa milio ya kutia aibu, na sehemu yenye mwinuko ikasimama. Ikarudi nyuma pole pole mpaka kwenye kichaka cha lantana, ikakaa. Mashindano yalikuwa nusu. Magari mengine yaliyokuwa mabovu kuliko hilo yalimaliza. Pikapu moja isiyo na mlango ilimaliza.

Thuranira alisimama mbele ya Hajji, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Hajji, ni petroli ya huku. Petroli ya Embu ina maji."

"Fungua nione."

"Hapa hakuna nafasi, Hajji."

"Basi fungua kwako. Jumatatu napita."

Jumatatu alipita. Injini ilifunguliwa mchana, safu nzima ikitazama, na kifuniko kilipotoka tu Njagi akapiga kelele, "Marudio! Mandazi!" Wakacheka mpaka wa mwisho barabarani. Thuranira hakucheka. Alichomoa tapeti moja moja, akazipanga juu ya gunia. Tapeti nzima huwa sawa chini, inateleza kama kioo. Hizi zilikuwa zimechimbwa katikati, tano kati ya nane, nyingine kwa kina cha ukucha. Kamshafti ilipotoka, nundu zake zilikuwa zimelika mpaka zikakaribia kuwa duara. Ndani ya oili mlikuwa na unga wa chuma unaong'aa kama samaki wadogo.

Hajji aliokota tapeti moja, akaigeuza, akaitia ncha ya kidole.

"Fundi, hivi ni vikombe vya kahawa?"

"Hajji, chuma chenyewe ni kibaya. Yule mama wa Meru ameniuzia vitu laini."

"Nasteho nimenunua kwake tangu baba yake akiwa hai. Alikuambia nini?"

Thuranira aliangalia gunia. Aliangalia upande wangu, kwa kuwa ni mimi tu niliyekuwepo naye dukani. Niliangalia geti nililokuwa nikilehemu.

"Alisema... alisema nitoe za ndani kwanza."

"Na kwa nini hukutoa?"

Kulikuwa na majibu mengi. Angeweza kusema hakumwamini yule mama, na huo ungekuwa ukweli. Angeweza kusema mchungaji alimwambia apunguze, na huo nao ni ukweli. Alinyanyua kidevu kuelekea kwa akina Njagi, waliokuwa bado wanamwita Marudio na kuhesabiana mandazi.

"Hawa wangenicheka."

Hajji aliitazama safu yetu yote, kuanzia kwa Njagi mpaka kwangu, bila kuharakisha. Sijawahi kutazamwa hivyo, na sitaki tena. Kisha akaiweka ile tapeti mahali pake juu ya gunia, akaisawazisha na zenzake, akaingia garini. Hakusema pikapu haziji. Hakuwa na haja.

Unaweza kufikiri mtu hujifunza. Runji hakujifunza. Wiki mbili baadaye alirudi akisema labda zile springi hazikuwa ngumu vya kutosha, na wawili hao walikaa chini ya boneti wakikubaliana kwa vichwa. Mchungaji Rwamba alihubiri kuhusu gari lile na kusema lilipungukiwa imani. Gatwiri aliacha kuulizia saruji, akanunua mbuzi wawili, na mbuzi hao wanaendelea vizuri. Thuranira alirudi kwenye injini za posho, ambazo hazimuulizi kitu.

Juzi ilisimama pikapu ya Hajji mbele ya gereji. Thuranira alitoka mbio, akivaa ile ovaroli nyekundu huku anakimbia, mkono mmoja nje. Alitupita bila kutusalimu, kama mtu aliyekwisha kututoka.

"Karibu, karibu! Nilijua Hajji atafikiria. Weka hapa kivulini. Injini inasumbua wapi?"

Dereva alikuwa kijana wa Kangeta, shavu limejaa miraa. Alishuka bila haraka.

"Ni breki za nyuma, mzee. Zinalia. Hajji amesema wewe uko karibu."

"Breki tu? Ngoja kwanza niisikilize injini."

"Breki tu," alisema dereva, akamwonyesha mbele kwa kidevu.

Boneti ilikuwa imetobolewa tundu mbili, mnyororo umepitishwa, na juu ya mnyororo kufuli mpya, kubwa, ya aina wanayofungia maghala. Ufunguo haukuwepo. Thuranira aliishika ile kufuli, akaipima mkononi, akaiachia ikagonga bati.

Katika safu nzima kila mtu alingojea mwingine aanze kucheka. Thuranira alivua ovaroli, akaitundika kwenye msumari, akaingia chini ya gari kwa nyuma. Breki alizitengeneza. Zilikuwa nzuri, nilisikia dereva akizijaribu kwenye mteremko wa kuelekea mtoni, na hazikulia.